Karani wa Ghala la Elimu

Historia ya elimu katika nchi zetu imeandikwa mara nyingi, na waliotajwa kwa taadhima ndani yake ni waasisi wa shule, wakurugenzi wa idara, mawaziri waliotoa amri na walimu waliozitimiza. Lakini yule karani wa bohari ya elimu ya wilaya, aliyeshika ufunguo wa chumba kilichojaa chaki, madaftari, wino, rula na vitabu, ambaye kwa kalamu yake iliamuliwa kama mtoto wa darasa la pili katika kijiji cha mwisho cha wilaya atasoma kitabu au atasoma mgongo wa mwenzake, hakupewa hata ukurasa mmoja. Alikuwa mtumishi wa daraja la chini, ofisi yake ilikuwa nyuma ya ofisi, na jina lake lilitajwa kwa sauti siku ile tu ambapo kitu kilikosekana.

Nakusudia katika makala haya kumpa sehemu ya haki yake. Nayo kauli yangu ni hii: vitabu vya shule katika upande huu wa Afrika havikuwa vikiadimika kwa sababu ya uhaba wa fedha peke yake, wala kwa wizi peke yake kama wengi wasemavyo barazani, bali kwa kuwa hesabu yake, iliyoanza vizuri bandarini na kusafiri vizuri katika reli, ilikuwa ikikoma mlangoni mwa wilaya, ikaviacha vitabu na watoto vikitafutana katika zile maili za mwisho ambazo hakuna aliyezifungulia leja.

Zamani pwani haikuwa na bohari ya shule kwa sababu haikuihitaji. Mtoto aliyepelekwa chuoni alikwenda na ubao wake kwapani, uliochongwa kwa mti mwepesi. Wino ulipikwa nyumbani kwa masizi na utomvu. Kalamu ilichongwa kwa utete. Na somo likishahifadhiwa, ubao ulioshwa kwa maji ukawa tayari kwa aya nyingine, hata ubao mmoja ukaweza kumtosha mtu tangu alifu mpaka hitima, kisha ukarithiwa na mdogo wake. Mali ilikuwa ya mtoto, dhamana ilikuwa ya mzazi wake, na mwalimu hakuwa na kitu cha kukabidhi wala cha kukabidhiwa, ila misahafu na juzuu zilizowekwa wakfu. Elimu ya ghala ilikuwapo, tena ya daraja la juu, lakini makao yake yalikuwa forodhani. Katika Unguja ya karne ya 19, ambako ushuru wa forodha ulikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya tajiri Jairam Shivji, pembe na karafuu zilipimwa kwa frasila, frasila moja ikiwa yapata ratili 35, na makarani waliandika kilichoingia na kilichotoka kwa uangalifu ambao mtoza ushuru asiye nao hufilisika kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuhesabu mali ya ghala tulifundishwa na idara za serikali. Kilichokuja na serikali ni kuihesabu mali isiyo ya mtu.

Kitabu cha shule kilianza kuwa kitu cha kuhesabiwa pale kilipoanza kupigwa chapa. Wamisionari wa Kianglikana wa ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza walifika Unguja mwaka 1864, na miongoni mwao alikuwamo Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Wakaweka mtambo mdogo wa chapa, na baadhi ya waliofundishwa kuupanga na kuusukuma walikuwa vijana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa. Karatasi zilikuja kwa meli na sleti zilikuja kwa meli, na kilichokuja kwa meli kilipasa kutosha mpaka meli nyingine, basi ilibidi pawe na chumba chenye kufuli na mtu wa kukiangalia. Bara, upande wa Wajerumani, shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890 ilikuja kuwa na mtambo wake wa chapa, na gazeti la Kiongozi lilitoka humo. Vita vya 1914 vilipoingia, mpango huo wote ulivunjika, na sehemu kubwa ya shule zikafungwa.

Waingereza walianza upya. Idara ya Elimu ya Tanganyika iliundwa mwaka 1920 chini ya mkurugenzi Stanley Rivers-Smith, na pamoja nayo ulikuja utaratibu wa ununuzi ambao ulikuwa umekwisha kuzoewa katika makoloni mengine: vifaa vingi viliagizwa kwa wakala wa makoloni waliokuwa London, kwa orodha iliyopelekwa mapema sana kabla ya haja yenyewe, vikaja Dar es Salaam kwa bahari, kisha vikapanda reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914 na kutoa tawi la kwenda Mwanza mwaka 1928. Kutoka stesheni mali ilikwenda kwa lori panapopitika, na kwa kichwa cha mchukuzi pasipopitika. Mtu aliyeagiza chaki ilimpasa akisie, miezi mingi mbele, ni vipande vingapi vitakavyoandika ubaoni katika shule ambazo baadhi yake hazijapata hata paa.

Katika miaka hiyo lilifanyika jambo moja ambalo wataalamu wa lugha hulizungumza sana, lakini sijapata kumsikia mtu akilitazama kwa jicho la karani wa bohari. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Na kamati hiyo ikapewa kazi ya kuvipitia vitabu vya shule na kuviidhinisha. Hoja za lahaja na tahajia ni hoja kubwa, nami sizidharau. Lakini kwa mwenye ghala maana yake ilikuwa kwamba kitabu kimoja kiliweza kuagizwa kwa maelfu, kikawekwa rafu moja, kikapelekwa Lamu au Songea bila mtu kuuliza kama kitasomeka. Kabla ya hapo kila misheni ilikuwa na vitabu vyake na maandishi yake, na ghala la pamoja lisingeliwezekana. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948 chini ya Charles Richards, ilipita katika njia hiyohiyo iliyokwisha kusafishwa.

Sasa naomba msomaji anivumilie nimpeleke ndani ya chumba chenyewe, maana fadhila za kazi hii haziwezi kuonekana kwa mbali.

Bohari ya elimu ya wilaya kwa kawaida ilikuwa chumba kimoja au viwili vya matofali, madirisha yake yamezibwa kwa nondo na wavu, paa la bati, sakafu ya saruji. Makasha hayakukaa sakafuni: yalipandishwa juu ya vichanja vya mbao, na kati yao na ukuta iliachwa nafasi ya mkono kupita, ili mchwa akipanda aonekane na unyevu ukitoka usiguse karatasi. Chaki iliwekwa juu kwa kuwa hunywa maji hata ya hewa, na chaki iliyokunywa maji hukwaruza ubao bila kuandika; wino wa unga, ambao mwanafunzi wa zamu aliukoroga kwa maji na kuumimina katika vidau vilivyotobolewa katika madawati, uliwekwa chini, kwa sababu pakiti yake ikipasuka na kulowa huharibu kila kilicho chini yake. Kilichoingia kwanza kilitoka kwanza. Vitabu vilipangwa migongo nje, kwa mafungu ya idadi moja, ili mtu aweze kuhesabu mafungu kwa jicho kabla ya kuhesabu vitabu kwa kidole.

Moyo wa chumba ulikuwa leja. Kila kitu kilikuwa na ukurasa wake: chaki nyeupe wake, chaki za rangi wake, madaftari ya mistari wake, ya miraba wake. Safu zilikuwa tarehe, nambari ya hati, kilikotoka au kinakokwenda, kilichoingia, kilichotoka, na baki. Iliandikwa kwa wino, wala hapakuwa na ruhusa ya kufuta kwa raba au kukwangua kwa wembe. Tarakimu iliyokosewa ilipigwa mstari mmoja mwembamba ili iendelee kusomeka, iliyo sawa ikaandikwa juu yake, na karani akatia sahihi fupi pembeni, ili atakayekuja baada yake ayaone yote mawili, kosa na tengenezo lake. Rafuni palitundikwa kadi ndogo yenye safu zilezile. Kadi, leja na vitu vyenyewe ilipasa viseme neno moja, na siku visiposema neno moja ndipo kazi ya mchana iligeuka kuwa kazi ya usiku.

Juu ya hayo palikuwa na kanuni ambayo naiona kuwa ndiyo akili ya utaratibu wote: aliyeagiza si aliyepokea, aliyepokea si aliyeidhinisha kutolewa, na wote hao si wale waliokagua. Mhakiki mali wa Hazina alifika pasipo kutoa habari, akaomba funguo, akasimamisha utoaji, akahesabu. Wengi hudhani alitafuta upungufu tu. La; ziada ilikuwa hoja kama upungufu, pengine hoja kubwa zaidi, kwa kuwa kitabu kilichozidi katika ghala ni kitabu ambacho leja inasema kimekwisha kwenda shuleni. Mahali fulani yupo mwalimu aliyetia sahihi kwamba amekipokea, na lipo darasa lililokikosa. Mimi hustaajabia kanuni hii kila ninapoikumbuka, kwa kuwa iliwekwa na dola ambayo haikuwa na nia ya kumsomesha kila mtoto, lakini kwa ile mali chache iliyokubali kuitoa, iliweka njia ya kumgundua mtoto aliyekosa kwa kutazama rafu iliyojaa kuliko inavyopaswa.

Kwa muda wa utawala huo kazi ya karani ilikuwa ngumu kwa usahihi wake, si kwa wingi wake. Shule zilikuwa chache, wanafunzi walikuwa wachache, na mengi ya madaraka yalibaki mikononi mwa misheni zilizopata ruzuku na kujinunulia. Uhuru ulibadili kipimo. Nyumba ya kuchapisha vitabu ya taifa, Tanzania Publishing House, ilianzishwa mwaka 1966. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967, ikataka vitabu vipya kwa sababu vya zamani vilimfundisha mtoto mambo ya nchi nyingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mara wazee kwa vijana wakawa wanakaa jioni katika madawati yaleyale, kwa mwanga wa kandili, wakihitaji penseli na vitabu ambavyo karani ilimpasa kuvifungulia kurasa mpya. Mwaka 1972 madaraka yalipelekwa mikoani na serikali za mitaa zikavunjwa. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikaondolewa. Kisha ikaja Musoma.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni kufikia mwaka 1977. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara, waliokuwa takriban milioni 1.2 mwaka huo wa azimio, walipita milioni 3 kufikia mwanzo wa miaka ya 1980. Kuna azimio lipi katika bara letu lililotenda jambo kama hilo kwa muda huo mfupi? Madarasa yalijengwa kwa kujitolea, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, na watoto ambao babu zao hawakupata kuiona herufi wakaimba alfabeti chini ya miembe. Lakini karani wa bohari alibaki mmoja, na chumba kilibaki kilekile. Na kwa kuwa katika miaka hiyohiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, shule mpya zilizaliwa ambazo hazikuwamo katika orodha yake, na nyingine zilizokuwamo zikahama mahali. Akaanza kugawa mali kwa orodha ya jana.

Njia ya kitabu wakati huo ilikuwa hivi. Mihutasari na miswada ilitoka kwa Taasisi ya Elimu, chapa ikafanywa na viwanda vya umma, na shirika la umma lililoitwa Tanzania Elimu Supplies likapewa kazi ya kusambaza. Shirika lilipeleka mzigo mpaka makao ya wilaya. Hapo wajibu wake uliisha. Kutoka hapo hadi shuleni ilikuwa shauri la wilaya, na wilaya haikuwa na fungu la usafiri lenye kutosha, wala gari ambalo halikuwa likigombewa na idara nyingine tano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikawa adimu, na karatasi nayo ikawa adimu pamoja nazo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza kazi mwaka 1985, miaka migumu kuliko yote ilikuwa imekwisha kupita juu ya migongo ya watoto.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, tuone karani alikuwa akikabiliana na nini. Wilaya yenye shule 100 imepokea nakala 300 za kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Kila shule itapata 3. Darasa lina watoto 45, basi kitabu kimoja ni cha watoto 15. Je, agawe sawasawa, ili kila shule ipate kitu kisichofaa, au azipe shule 20 nakala 15 kila moja, zifundishe kama inavyostahili, na 80 zirudi mikono mitupu? Kanuni za bohari hazikuwa na jibu, kwa sababu zilitungwa kulinda mali, si kuamua nani aikose. Karani aligawa sawasawa. Nadhani mimi pia ningaligawa sawasawa, maana uso wa mwalimu aliyetembea siku nzima si uso wa kuuambia hapana. Lakini nakala 3 ndani ya darasa la watoto 45 haziwi vitabu vya wanafunzi. Huwa vitabu vya mwalimu, naye huvifungia kabatini kwa hofu ya kuharibika, na leja ya wilaya inaonyesha kwa haki kabisa kwamba shule imepokea.

Siku ya kutolewa vifaa, walimu wakuu walifika kwa baiskeli, kwa miguu, au kwa kudandia lori la pamba au la mahindi. Walikaa kivulini wakingoja zamu. Karani aliita jina la shule, akasoma idadi kutoka katika hati ya kutolea, akahesabu mbele ya mwenyewe, na mwenyewe akatia sahihi katika nakala zote, moja ikabaki kitabuni, moja ikaenda kwa afisa elimu, moja akaichukua. Kisha vitabu vikafungwa kwa kamba ya mkonge juu ya kibao cha nyuma cha baiskeli. Mvua ikimkuta njiani, kwa mkono upi atavifunika? Na kama mzigo ulizidi baiskeli, vilivyobaki vilirudishwa ndani, na hapo ndipo ile ziada inayomtia hofu mhakiki mali ilipozaliwa, bila nia mbaya ya mtu yeyote. Vikakaa mwezi, vikakaa muhula. Mtaala ukabadilika. Vitabu ambavyo havijapata kufunguliwa vikawa vimepitwa, wala karani hakuwa na idhini ya kuvitupa, kwa sababu mali ya serikali haifutwi kwa mkono wa anayeitunza bali kwa amri ya bodi, na bodi haiketi kwa ajili ya makasha machache. Chumba kikajaa vitabu ilhali madarasa yako matupu, na mgeni akipita, akaona, akatoka akisema makarani ni wavivu.

Sisemi kwamba hapakuwa na hiyana. Palikuwa na watumishi waliouza madaftari ya watoto, nao hawastahili kuombewa udhuru. Ila naona si adili kuwapima wote kwa hao, wakati walio wengi walikaa na ufunguo wa mali inayotamaniwa na kila mtu, kwa mshahara usiotosha mwezi, wakihesabu penseli. Kazi yenyewe ilianza kupewa heshima ya taaluma mwaka 1981, sheria ilipounda Bodi ya Taifa ya Usimamizi wa Vifaa, ambayo mwaka 2007 nafasi yake ilichukuliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Kwa bohari za elimu heshima hiyo ilichelewa.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana na hii. Baada ya Rais Jomo Kenyatta kutangaza, mwishoni mwa mwaka 1973, kuondolewa kwa ada katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, serikali ilinunua na kugawa vifaa kupitia mpango wa taifa wa vifaa vya shule, kazi ambayo shirika la Jomo Kenyatta Foundation lilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Na mwaka 1979 Rais Moi akaongeza maziwa ya bure kwa kila mtoto, yale ambayo kizazi kizima huyaita maziwa ya Nyayo. Msomaji afikiri kidogo maana ya maziwa kwa mtu wa ghala: kitabu kikichelewa mwezi bado ni kitabu, lakini maziwa hayana subira hiyo. Mpango wa vifaa ulififia mwishoni mwa miaka ya 1980, wazazi walipotakiwa kuchangia gharama. Elimu ya msingi ilipofanywa bure tena mwaka 2003, Kenya iligeuza mambo kichwa chini miguu juu: fedha, shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, zilipelekwa katika akaunti za shule zenyewe, nayo akaunti ya vifaa vya kusomea ikajulikana kwa jina la SIMBA, na shule ikajinunulia vitabu katika maduka. Kisha mwaka 2018 ikageuza tena. Serikali ikanunua yenyewe na kupeleka vitabu mpaka shuleni, kwa ahadi ya kitabu kimoja kwa mtoto mmoja.

Tanzania nayo imekwenda na kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Sweden, uchapishaji wa vitabu vya shule ulianza kutolewa mikononi mwa dola na kukabidhiwa wachapishaji binafsi. Mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwaka 2002 mpaka 2006, ule wa MMEM, ukaweka ruzuku ya thamani ya dola 10 kwa kila mwanafunzi, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Na mwaka 2013 Serikali ikaamua kuirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya vitabu vya kiada. Katikati ya hayo, mwaka 2012, ililipwa paundi milioni 29.5 na kampuni ya BAE Systems kwa kadhia ya ununuzi wa rada, fedha ambazo wananchi waliziita chenji ya rada, na fedha hizo zikaenda katika vitabu na madawati. Habari ya fedha hizo ilijaza magazeti. Namna vitabu vyenyewe vilivyofika kutoka halmashauri hadi darasani haikujaza hata safu moja, wakati mimi naamini hapo ndipo habari yenyewe ilipokuwa.

Nimeyataja mageuzi haya kwa haraka kwa kuwa yote, kwa macho ya ghala, ni swali moja lililojibiwa kwa zamu: nani anunue, kituo au shule? Ni swali la halali, lakini silo lililomnyima mtoto kitabu. Ununuzi ukikaa kituoni, hesabu hukoma wilayani. Ukikaa shuleni, hesabu hukoma katika kabati la mwalimu mkuu. Katika mipango hii miwili leja yenye safu ya jina la mwanafunzi, tarehe aliyokabidhiwa kitabu na hali kilivyorudi mwisho wa mwaka, imekuwa jambo la mwalimu mwenye bidii, haijawa ada ya kila shule. Walimu wa namna hiyo wapo. Wana daftari moja la mistari, wamelichora safu kwa rula, na vitabu vyao huishi zaidi kuliko vya jirani zao walionunuliwa vingi.

Siku hizi halmashauri nyingi zina kompyuta, na hesabu ya bohari inaingizwa katika mfumo. Ni jambo jema, nami nalifurahia kwa dhati, kwa sababu mashine haichoki kujumlisha. Hata hivyo mashine itajumlisha tu kile ilichoambiwa, na mpaka leo inaambiwa kilichofika wilayani na kilichoandikwa kwamba kimetoka. Mwalimu wa kijiji cha mwisho, akiulizwa na mfumo kama amepokea, ndiye pekee anayeweza kusema alichopokea kiko mikononi mwa nani.

Limebaki ombi moja, nalo nalielekeza kwa maafisa elimu, maafisa ugavi na wote wenye funguo. Leja za zamani za bohari za elimu, zile kubwa zenye majalada ya turubai na pembe za ngozi, zinaondolewa moja baada ya moja kupisha kompyuta, na nyingi huishia kwa wauza karanga na maandazi, zikachanwa kurasa kwa kurasa. Ndani yake mna majina ya shule zilizokufa, idadi ya watoto wa mwaka ule na mwaka ule, sahihi za walimu wakuu waliokuja kwa baiskeli, na baki ya kila kitabu ambacho hakikufika. Hakuna hati nyingine iliyoandika historia ya elimu yetu kwa usahihi wa namna hiyo, tena kwa wino usiofutwa. Msiziuze kwa kilo. Zifungeni kwa kamba, andikeni jina la wilaya na miaka yake juu ya jalada, na mzipeleke Nyaraka za Taifa mkapewe hati ya kupokelewa.